Mashine ikikohoa baada ya kusi, usikimbilie bisibisi

Upepo wa kusi umepungua nguvu na boti zilizovutwa pwani tangu mwezi wa Aprili zimeanza kurudi majini. Kaskazi ndio msimu wa kazi hapa Lamu. Wavuvi wa kamba wanatoka tena nje ya miamba, na safari za Faza, Kizingitini na Kiunga zinakuwa nyepesi kuliko zilivyokuwa mwezi wa Julai. Huu pia ndio wakati ambapo mafundi wa mashine hawapumziki, kwa sababu injini iliyolala miezi mitano haiamki vizuri. Kuwaka inawaka. Ukiongeza mafuta inakwenda. Lakini ukirudisha mkono wa mafuta chini, inatetemeka, inakohoa mara mbili tatu, kisha inazima.

Manahodha wengi huliona jambo hili kuwa usumbufu mdogo wa kuzoea. Wanasema mradi ikifunguliwa inakimbia, hakuna neno. Lakini hebu fikiria ni wapi boti hulazimika kwenda polepole. Ni kwenye Mkanda maji yakiwa yamekupwa na mikoko iko pande zote mbili. Ni gatini Mokowe boti nyingine zikigombania nafasi. Ni mlangoni Shela, wimbi likiingia kutoka bahari kuu. Injini isiyotulia kwa mwendo wa chini humwacha nahodha palepale anapoihitaji zaidi, na boti inayomleta mama mjamzito hospitalini usiku kutoka Ndau haina nafasi ya kuvuta kamba ya kuwashia mara ishirini.

Makala haya yanahusu mashine za petroli za kufunga nyuma ya boti, hasa zile za mipigo miwili zinazochanganywa oili na petroli, ambazo ndizo nyingi kwetu. Mwenye injini ya dizeli ndani ya mashua ana mambo yake mengine. Mwenye injini ya mipigo minne atafaidika na sehemu kubwa ya maelezo haya, ila yeye hachanganyi oili na petroli.

Nilijifunza mengi ya haya Matondoni, asubuhi moja nilipokaa chini ya mkungu nikimtazama fundi akishughulikia mashine ya nguvu farasi 40 yenye silinda mbili. Nahodha wake, kijana, alifika tayari ameshajitibu. Mashine ilipokuwa ikizima kwa mwendo wa chini, alichukua bisibisi akakaza skrubu ya mwendo mpaka ikaacha kuzima. Sasa ilikuwa inanguruma kwa nguvu hata gia ikiwa huru.

“Ami, mimi nimeshaipa dawa,” alisema. “Nataka tu uniangalie gia, inagonga.”

“Mwanangu, hiyo gia inagonga kwa sababu ya dawa yako,” fundi akamjibu.

Hapo ndipo kiini cha somo hili kilipo. Gia za mashine hizi hazina klachi laini kama ya gari. Meno ya chuma hukutana na meno ya chuma. Injini ikiwa imetulia, meno hayo hushikana kwa mlio mfupi na kazi imekwisha. Injini ikiwa inazunguka kwa kasi, meno yanagongana, yanalika kwenye kona, na baada ya muda gia inaanza kuruka yenyewe boti ikiwa na mzigo. Zaidi ya hilo, nahodha akitia gia mbele gatini, boti inaruka kabla hajawa tayari, na mtu aliyesimama na mguu mmoja kwenye boti na mwingine kwenye ngazi anaangukia katikati. Skrubu ya mwendo haikuponya chochote. Ilifunika ugonjwa na kuleta mwingine.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Mara nyingi ni petroli iliyoachwa ndani. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyosaidia injini kuwaka, ndivyo hupotea kwanza hewani. Kinachobaki kinakuwa kizito, kinageuka rangi, na mwisho kinaacha utando unaonata kama vanishi. Joto letu linaharakisha kazi hiyo. Vitabu vinavyokuja na mashine vingi huandikwa kwa kuwafikiria pia watu wa nchi za baridi, ambao huhifadhi boti zao majira ya baridi kali na kuogopa maji kuganda ndani ya injini. Sisi barafu hatuna, ndiyo sababu wengi wetu huruka sura ile ya kuhifadhi mashine. Lakini maneno yake kuhusu petroli yanatuhusu sawasawa na wao.

Ndani ya kabureta kuna njia mbalimbali za petroli. Ile ya mwendo wa kasi ina tundu kubwa kiasi. Ile ya mwendo wa chini ina tundu jembamba sana, na baada yake kuna vitundu vingine vidogo zaidi vinavyomimina petroli karibu na mlango wa hewa. Utando ule ukianza kujijenga, tundu jembamba ndilo huziba kwanza. Ndiyo maana mashine inaweza kukimbia vizuri kabisa ikifunguliwa na kufa inaporudishwa chini. Haina ugonjwa wa kichawi. Ina njaa, na njaa yenyewe ni ya mwendo mmoja tu.

Hata hivyo fundi hakuanza na kabureta, na hili ndilo lililonivutia zaidi. Alianza na yale yasiyogharimu kitu.

Kwanza aliishusha mashine kwenye pipa la maji, baada ya kufungua propela na kuiweka pembeni. Maji yalipita juu ya matundu ya kuvutia maji yaliyo kwenye mguu wa mashine. Usiwashe mashine kavu, hata kwa “sekunde mbili tu nisikie”. Pampu ya maji ina impela ya mpira, na mpira huo ukizunguka bila maji huungua upesi. Tena impela iliyokaa miezi mitano bila kuzunguka huwa mbawa zake zimejikunja na kukauka upande mmoja. Kwa hiyo mara tu mashine inapowaka, macho yaende kwenye kitundu cha pembeni: inakojoa au haikojoi? Isipotoa maji ndani ya muda mfupi, izime. Huenda kitundu chenyewe kimezibwa na chumvi au nyumba ya mdudu, jambo ambalo kipande chembamba cha waya kinaweza kulimaliza. Huenda impela imekufa. Vyovyote vile, usiendelee kutafuta sababu ya kukohoa kwenye mashine inayopata moto.

Kisha akamuuliza nahodha maswali matatu. Inasumbua mwendo wa chini peke yake, au hata ikikimbia? Inaanza kusumbua mara tu inapowaka, au baada ya dakika kadhaa? Ukiminya ile pampu ya mpira kwenye bomba la mafuta wakati inakaribia kufa, inapata nafuu?

Majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko boksi zima la spana. Mashine inayosumbua kwa kila mwendo huwa ina petroli mbovu, maji kwenye petroli, au silinda moja haichomi. Inayoanza vizuri kisha ikazima baada ya dakika tano mara nyingi tangi lake limefungwa hewa: kile kifuniko chenye skrubu ndogo ya kupumulia hakikufunguliwa, petroli inavutwa, hewa haiingii, mpaka tangi linajikunja mbavu. Nimeambiwa na zaidi ya fundi mmoja kwamba wameitwa mpaka kisiwani kwa kosa hilo. Na ile inayopata nafuu unapominya pampu ya mpira inakuambia kwamba petroli haifiki ya kutosha. Angalia chujio, bomba lililopasuka kwa jua, viungio vyake, na mwisho pampu ya mafuta iliyo kwenye injini.

Pampu ya mpira ina mshale, nao lazima uelekee kwenye injini. Ukiiminya mara kadhaa inapaswa kuwa ngumu na kubaki ngumu. Ikibaki laini, kuna mahali inavuta hewa au vali yake haishiki. Hewa ikiingia kwenye bomba, petroli haimwagiki nje, kwa hiyo watu wengi hawaioni dosari. Pinda bomba kwa vidole uone kama lina nyufa, hasa pale linapoingia kwenye kiungio.

Baada ya hapo alichota petroli kutoka chini ya tangi, akaitia kwenye chupa ya kioo iliyo safi, akaiweka kivulini. Tukanywa kahawa. Baada ya kama robo saa, chini ya chupa kulikuwa na tabaka la maji lenye upana wa kidole. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mdomo wa bomba la kuvutia nao uko hukohuko chini. Tangi lililoachwa nusu hujaa hewa yenye unyevu, na katika miezi ya mvua unyevu huo hugeuka matone. Petroli yenyewe ilikuwa imekuwa ya rangi ya chai na harufu yake ilikuwa chachu, kama rangi ya mbao iliyozeeka. Petroli ya miezi mitatu hapa kwetu tayari ni ya kutiliwa shaka. Ya miezi mitano usiichanganye na mpya kwa kuionea huruma.

Kuimwaga baharini au mchangani, hapana. Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, uandike juu yake, uulize kituo cha mafuta au karakana inayopokea mafuta machafu.

Petroli mpya nayo ichanganywe kwa kipimo. Kwa mashine nyingi za mipigo miwili, kipimo ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Mtungi wa lita 20 unapata mililita 400. Baadhi ya mashine zina kipimo kingine, na mashine mpya kabisa huhitaji oili zaidi katika saa zake za kwanza, kwa hiyo kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuatwa. Oili iwe ile ya injini za boti za mipigo miwili, yenye alama TC-W3 kwenye chupa. Kuzidisha oili “ili mashine isiungue” ni imani iliyoenea sana pwani, nayo ni sababu mojawapo ya moshi mwingi, plagi zilizolowa na mwendo wa chini unaotetemeka. Kupunguza oili ni kubaya zaidi, kwani hapo mashine inasagika ndani.

Walipobadilisha petroli mashine ilipata nafuu, lakini bado ilikuwa inakohoa. Wakageukia plagi.

Kabla ya kufungua plagi, zima mashine, na uhakikishe hakuna petroli iliyomwagika wala mvuke uliokusanyika chini ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki ukapotea, bali hukaa chini sakafuni ukisubiri cheche. Sigara ibaki mbali. Fungua plagi moja moja na uzipange kwa utaratibu wa silinda zake, kwa sababu kila moja inasimulia habari ya silinda ilikotoka. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi iliyolowa oili inasema silinda ile haichomi vizuri au inapewa mafuta kupita kiasi. Matone ya maji au kutu ni habari mbaya, na inafaa fundi aione. Kama uliweka oili ndani ya silinda kabla ya kuhifadhi mashine, usishtuke kuona moshi na plagi kulowa katika dakika kumi za kwanza. Hiyo ni oili yako mwenyewe inatoka.

Kujua kama cheche ipo, fundi aliichomeka plagi kwenye kofia yake, akaigusisha chuma chake kwenye mwili wa injini mbali na tundu la silinda, tena tundu lenyewe likiwa limezibwa kwa kitambaa, kisha akavuta kamba. Cheche ya buluu inayosikika ni nzuri. Ya njano hafifu haitoshi. Usishike waya wa plagi kwa mkono wakati kamba inavutwa, maana umeme wa mashine hizi unarusha mtu majini. Na ile desturi ya kuchomoa kofia ya plagi mashine ikiwa inanguruma ili kutafuta silinda mbovu, iacheni. Inaweza kuunguza kifaa cha umeme cha mashine, na kifaa hicho si cha bei ndogo. Njia iliyo salama ni kuzima, kuifunga kofia ya silinda moja kwenye plagi ya akiba iliyogusishwa vizuri kwenye chuma cha injini, kisha kuwasha tena. Ikiwa mlio haubadiliki, silinda uliyoifunga ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi tangu mwanzo.

Katika mashine ya Matondoni silinda ya juu ilikuwa imelala. Plagi mpya iliiamsha nusu. Ndipo sasa, saa tatu baada ya kuanza, kabureta ikafunguliwa.

Sehemu hii mkazi mwenye mikono mitulivu anaweza kuifanya, lakini nasema wazi kwamba asiyewahi kuifungua amwite fundi kwa mara ya kwanza akae atazame. Chini ya kabureta kuna kikombe kinachohifadhi petroli, nacho kina skrubu ya kutolea. Kinga kwa chombo safi uone kinachotoka. Pale ilitoka petroli ya rangi ya chai yenye chembe za kijani. Kabla ya kugusa skrubu ya mchanganyiko wa hewa, fundi aliizungusha ndani taratibu mpaka ikagusa, huku akihesabu mizunguko, akaandika hesabu hiyo kwa kalamu kwenye mkono wake. Asiyehesabu hana pa kurudi. Tena ukiikaza kwa nguvu ncha yake inaharibika, na kabureta nzima haitatulia tena.

Jeti ya mwendo wa chini ilipotolewa na kuinuliwa kwenye jua, haikupitisha mwanga hata kidogo. Aliinyunyizia dawa ya kusafishia kabureta, akaiacha ilowe, akapuliza hewa ya pampu kutoka upande wa pili, akarudia mpaka mwanga ukaonekana kama tundu la sindano. Nahodha alimletea waya. Akaukataa. Jeti ni ya shaba, tundu lake limepimwa, na waya wa chuma hulipanua. Mashine itakula mafuta na kutoa moshi siku zote, na hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo ni waya ule. Vitundu vya ndani ya kabureta navyo vilipuliziwa, maana jeti safi juu ya njia chafu haisaidii. Mashine nyingine zina kabureta mbili au tatu. Ukisafisha moja, safisha zote, la sivyo silinda zitavutana.

Mwisho kabisa ndipo bisibisi ilipogusa skrubu ya mwendo. Skrubu ya mchanganyiko ilirudishwa kwenye hesabu iliyoandikwa mkononi, propela ikafungwa tena, boti ikaingizwa majini na kufungwa kamba mbele na nyuma. Mashine ikaachwa ipate joto, kwa sababu mashine baridi haipimiki. Ile skrubu aliyoikaza nahodha ikalegezwa kidogo kidogo mpaka kwenye mwendo unaotajwa na kitabu, kisha gia ikatiwa. Haikugonga. Mashine ikapungua sauti kidogo, ikabeba mzigo, ikaendelea kunguruma.

Iwapo petroli ni mpya, hewa ya tangi ni wazi, plagi ni nzima na kabureta ni safi, na bado mashine inakohoa, hapo umefika mwisho wa kazi ya pwani. Huenda gasketi inavuta hewa, huenda vali za ndani zimechoka, huenda silinda imepoteza kompresheni. Fundi ana kipimo cha kuijua kompresheni ya kila silinda, na silinda zikitofautiana sana usipoteze fedha kwa plagi nyingine.

Kwa kusi ijayo, kazi ya saa moja kabla ya kuvuta boti inatosha kuepuka haya yote. Endesha mashine kwa maji ya kunywa ili chumvi itoke. Zima, kisha toa petroli yote kwenye vikombe vya kabureta kupitia skrubu zake. Tia kijiko cha oili ya injini katika kila silinda, vuta kamba mara chache ili isambae, rudisha plagi. Toa oili ya gia na uitazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili ya shafti inahitaji kubadilishwa kabla ya msimu, si baada yake. Hifadhi mashine ikiwa imesimama wima kivulini. Petroli iliyobaki kwenye tangi iuze au uitumie mwezi huohuo.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo iwe fupi, mchana, maji yakiwa yamejaa, bila abiria, na jaketi okozi zikiwa mwilini. Beba plagi mbili za akiba, spana yake, makasia au upondo, nanga yenye kamba ndefu na simu yenye chaji kwenye mfuko usioingia maji. Mwachie habari mtu wa BMU ya kijiji chako: unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Mashine ikikataa ukiwa kwenye mlango wenye mawimbi, teremsha nanga kwanza, halafu ndipo uvute kamba. Nambari za dharura ni 999 na 112, na kwa wenye redio ya VHF ni chaneli 16.